Bastola ya Mke Mwenza

Jumanne, 24 Machi

Afande Mahfoudh katugawia madaftari. Kila mlengaji aandike kila siku: bastola iligoma wapi, mwili ulikuwaje, moyo ulikuwaje. Ati asiyeujua moyo wake si mlengaji, ni mtupa mawe. Mimi nimechukua mawili. Moja la kumsomesha afande, na hili.

Basi hili liseme kweli. Mimi Kidawa Usi, koplo, bingwa wa bastola wa wanawake Unguja na Pemba miaka mitano mfululizo. Mwezi wa sita timu inakwenda Kampala mashindanoni, na nafasi ya mwanamke ni moja tu. Mchujo ni Mei, masika yakianza kukatika. Nafasi hiyo yangu, na mpaka juzi hapakuwa na wa kubisha.

Juzi kaletwa Ummy. Mtoto wa juzi juzi, katoka Paje, mama yake analima mwani. Siku ya mwanzo, kwa bastola ya kuazima, risasi zake zote zimekwenda ndani ya duara jeusi. Afande akageuka akamwita mume wangu.

"Gharib! Huyu mtengenezee bastola yake mwenyewe."

Mume wangu ndiye fundi wa ghala la silaha hapa kambini. Toka tuoane hajamtengenezea mwanamke bastola ila mimi.

Mvua imeanza.

Alkhamisi, 26 Machi

Nimefunga, naziwahi sita zangu za Shawwal. Mkono ulinitetemeka, risasi mbili zimetoka nje ya duara. Ummy naye kafunga. Wake haukutetemeka.

Jumatatu, 30 Machi

Leo nimeyaona kwa macho yangu. Nimekwenda ghalani kurudisha bastola, namkuta Gharib kamkalisha Ummy juu ya kigoda, kashika uzi, anampima kiganja. Kisha kidole cha shahada, pingili kwa pingili, utasema sonara anataka kumfanyia pete.

"Shikamoo, dada Kidawa," kaniamkia.

"Marahaba," nikamjibu kwa pua.

"Kidole chake kifupi," Gharib kanambia, na uso umemkunjuka. "Itabidi kifyatulio nikirudishe nyuma kidogo. Hivi sasa anakivuta kwa ncha, ndo maana risasi zinakwenda kushoto."

"Ziache ziende."

Kacheka. Kadhani namtania.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Nimelenga vizuri. Hapana alosema kitu.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimefua nguo. Ndani ya mfuko wa suruali ya kazi ya Gharib nimekuta chupa ya rangi ya kucha. Nyekundu. Imetumiwa nusu.

Hebu nikae kitako niandike taratibu. Mimi sipaki rangi ya kucha. Mimi natia hina, kwa sababu rangi inazuia udhu na mimi sala zangu sizichezei. Mtoto wa kike ndani ya nyumba hii hatuna. Mama mkwe wangu mtu mzima, anajipaka mafuta ya nazi tu na kushukuru Mungu. Basi rangi ya kucha ni ya nani?

Nikatoka na mapovu mikononi mpaka kwa Badria, jirani yangu wa hapa Vikokotoni, mlango kwa mlango. Badria kashaachika mara mbili, mambo haya anayajua.

"Shoga, mume hakamatwi kwa kelele," kanambia. "Nyamaza kimya, kisha mtizame vidole."

"Vidole vya nani?"

"Vya huyo mwana wa mwani, vya nani tena?"

Nimeirejesha chupa mfukoni ilikokuwa. Chakula cha mchana nimekitia chumvi mara mbili, na kakila chote.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimemtizama vidole. Kucha zake tupu, kazikata mpaka kwenye nyama.

Lakini bastola yake! Ile nishani ya mbele, kijincha cha juu ya mtutu, kina nukta nyekundu. Na kila skrubu ina mstari mwekundu. Nikashindwa kunyamaza, nikamuuliza Gharib habari ya ile chupa.

"Ile? Nimeinunua Darajani," Gharib kasema, wala hakushtuka. "Skrubu ikilegea mstari unakatika, mara moja naona. Na nukta nyekundu inalivuta jicho lake, maana huwa linamtangatanga."

"Na yangu mbona nyeusi?"

"Yako nlitaka kuitia nyeupe, ukakataa mwenyewe. Umesahau?"

Sikusahau. Nlikataa. Lakini mtu akikataa huulizwa mara ya pili.

Shaka imenipungua, wivu haukunipungua. Ningeona bora angempaka kucha, hapo ningejua pa kushika. Kampambia bastola kama bibi harusi. Mimi miaka yote nabeba lichuma jeusi.

Ijumaa, 10 Aprili

Hapana mazoezi. Kiwanja kimejaa maji, vyura ndo wanaolenga.

Jumatatu, 13 Aprili

Gharib alikuwa barazani na simu, mimi nachambua mchele ndani. Namsikia:

"Chako nshakilainisha, kesho utakionja mwenyewe. Eeh. Cha mke wangu kigumu, lakini ndivo anavotaka." Kisha kacheka.

Najua anasema vifyatulio. Sikuzaliwa jana. Lakini kicheko kile cha nini? Fundi anayezungumza habari za chuma hacheki namna ile. Mchele nimeuchambua mara tatu, na mawe nimeyaacha humo humo.

Ijumaa, 17 Aprili

Ummy kanifuata bombani, ninaosha mikono. Kanambia, tena kwa upole, "Dada Kidawa, fundi kila anachonionesha lazima aseme, mke wangu hufanya hivi, mke wangu hufanya vile. Nshakujua kabla sijakujua."

Kumbe wanakaa wakinijadili! Wamenigeuza hadithi ya kupitishia wakati. Nimejifuta mikono nikenda zangu. Hasidi hana sababu, walisema wa kale, na huyu hata sababu hakuitafuta.

Jumanne, 21 Aprili

Kanipita. Mimi tisini na mbili, yeye tisini na nne. Gharib alikuwa kasimama nyuma yetu. Alipiga kofi moja, akanitizama, akatia mikono mfukoni.

Ijumaa, 24 Aprili

Habari njema, na Mungu anisamehe kuziita njema. Bastola ya Ummy inagoma. Sehemu ile ya juu ya bastola sisi twaiita mgongo. Risasi ikitoka, mgongo unarudi nyuma kwa nguvu, unalitupa ganda nje, kisha springi inausukuma mbele tena. Wake haufiki mwisho. Ganda halitoki, linasimama wima dirishani, kwenye tundu lake la kutokea, kama dohani ya jiko. Leo kakwama mara nne. Ikikwama anainua mkono tu na kungoja fundi, kama mwanafunzi anayetaka kwenda haja.

Gharib kala wali leo hajui anakula nini.

"Mkono wake mwepesi," kasema mwisho. "Bastola ikirudi nyuma, mkono unarudi nayo, mgongo unakosa nguvu ya kumaliza safari. Springi ile nzito kwake. Si kila mtu ana mkono kama wako, Kidawa. Wako ukishika umeshika."

Hiyo sifa? Mkono wa mpiga zege! Yeye mwepesi, yeye laini, yeye anapimwa kwa uzi. Mimi nimeshika.

Jumanne, 28 Aprili

Springi mpya zimefika kutoka Dar kwa boti. Nimeziona mezani, zinang'aa kama bangili za fedha. Nikamuuliza Gharib ipi yangu.

"Yako usiiguse. Ishakaa mahala pake, imekuzoea na umeizoea."

"Ya zamani."

"Ya zamani, eeh. Ya nini kuitoa?"

Siku nzima kashinda na za Ummy. Anatia moja, Ummy anapiga risasi mbili, anaitoa, anatia nyengine. Nimewatizama kutoka dirishani mpaka shingo ikanikaza. Mwisho Ummy kapiga mfululizo wote bila ya kukwama, akaruka akapiga makofi, na mume wangu kacheka meno yote nje. Meno yale nimeyaona mara ya mwisho siku tulohamia nyumba hii.

Badria kanambia, "Mwenzangu, kipya kinyemi. Ndo kinaanza kwenye springi, kitamaliza kwenye godoro."

Jumapili, 3 Mei

Kanipita tena. Afande mbele ya watu wote: "Bingwa, jiangalie, Kampala anakwenda mtu mmoja!" Wamecheka. Mimi pia nimecheka, taya zinaniuma mpaka sasa.

Kampala niliipata kwa jasho. Nimelenga na homa, nimelenga mimba imeharibika wiki haijatimu. Na sasa inakwenda kwa springi.

Jumatano, 6 Mei

Mvua tu. Sikula.

Ijumaa, 8 Mei

Mchujo kesho. Leo ilikuwa siku ya kusafisha bastola na kuzifungia, hairuhusiwi tena kupiga hata risasi moja. Ummy alimaliza mapema kaenda zake. Mimi na Gharib tumebaki ghalani. Adhana ya Ijumaa ikaadhiniwa. Kambi nzima wanaume wanakokota makubazi kwenda msikitini. Gharib kanawa, kavaa kofia, kasimama mlangoni na ufunguo mkononi. Sheria inasema afunge. Mimi bastola yangu nilikuwa bado naipangusa.

"Nikufungie ndani?" kanitania.

"Nenda, utaikosa hutuba. Mie nipo."

Kaniwekea ufunguo mezani kaenda kusali.

Nimekaa. Mbele yangu bastola mbili, mapacha, ila moja ina nukta nyekundu. Khatibu anasikika kwa mbali kwenye kipaza sauti, sauti inakuja na upepo na kuondoka nao. Nikaivuta ile ya Ummy karibu yangu. Kuangalia tu. Nikaifungua, kuangalia tu. Springi ikatoka, nyepesi, mpya, inang'aa. Nikaiweka kiganjani. Nikasema moyoni, mke mkubwa miye, na kipya kikaletwa ndani kikapewa mwengine.

Nikaitia yake kwenye bastola yangu, na kuukuu langu nikatia kwenye yake. Mikono ilikuwa ikifanya yenyewe. Waliposema amin msikitini, zote mbili nshazifunga na kuzipangusa.

Gharib karudi kanambia, "Nimekuombea dua."

Jumapili, 10 Mei

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo, na nitaandika yote.

Mvua ilikuwa inapiga bati la kiwanja mpaka hatusikilizani, afande anatoa amri kwa bendera. Mimi mstari wa kwanza, Ummy wa pili, na wengine huko mwisho, wasindikizaji. Gharib kakaa nyuma juu ya sanduku la vifaa, kama desturi yake.

Risasi yangu ya mwanzo tu nikajua. Mgongo ulirudi nyuma kwa kishindo, ukanipiga mpaka kwenye kiwiko, na uliporudi mbele ukarudi kivivu. Springi ile haikuwa nzuri kuliko yangu. Ilikuwa nyepesi tu, Gharib kaichagua kwa kipimo cha mkono wa mtu mwengine. Risasi ya nne mgongo haukufunga mpaka mwisho. Nikausukuma kwa kiganja, nikaendelea. Duru ya pili vile vile. Nikausukuma. Mimi bastola naijua, ikinigomea nami naigomea. Lakini jicho lilikuwa kwenye mgongo, halikuwa kwenye shabaha.

Kisha nikamsikia Ummy. Mlio wa bastola yake ulikuwa mzito, umekatika katikati. Nikachungulia kwa pembe ya jicho: ganda limesimama dirishani. Kainua mkono. Gharib kaja, kalitoa, kamwambia kitu sikioni. Risasi mbili mbele, ganda tena. Mkono juu. Na zilizotoka zilikwenda chini, maana springi nzito inafunga kwa nguvu na kuinamisha mtutu. Mara ya tatu hakuinua mkono. Aliishika bastola kwa mikono miwili akaitizama kama mtu anayemuuliza mwanawe, "Nimekukosea nini?" Saa ikamwishia na risasi zimo ndani.

Nimeshinda. Themanini na moja, alama mbovu kuliko zote nlizowahi kupata, na nimeshinda.

Watu wakaanza kunipa mikono. Afande Mahfoudh hakunipa. Kasema, "Bastola mbili zilokuwa nzima Alkhamisi zote zinagoma Jumamosi? Fundi, zifungue hapa hapa."

Gharib kazifungua juu ya sanduku. Kazitoa springi, kaziweka mbili kwenye kitambaa. Hakunitizama. Kaishika ile mpya muda, anaigeuza na kuigeuza, mvua inamdondokea shingoni wala hajifuti.

"Zimebadilishwa," afande kasema.

"Naam, afande."

"Na nani?"

"Kosa langu mimi, afande."

"Umezichanganya?"

"Ghala ni langu. Kosa langu."

Wakamvua ufunguo pale pale, mbele ya vijana aliowafundisha kazi. Kuanzia Jumatatu yuko getini. Matokeo yamebaki kama yalivyo, kwa kuwa sote wawili tumelenga na springi siyo. Ummy alinijia, macho yamevimba, akanipa mkono.

"Hongera, dada. Springi ile ile wewe unaiweza, mkono wangu tu umelegea leo. Ningeshika kama unavoshika wewe ingekwenda."

Nikamwambia ahsante. Mdomo huu huu.

Nyumbani Gharib kasali Laasiri, kakunja msala, kakaa. Nikamwekea chai, hakuigusa. Nyumba inavuja juu ya ngazi, nimeweka beseni, linajaa.

"Kwa nini umesema kosa lako?" nikamuuliza, kwa sababu siwezi mimi kungoja.

"Kwani uongo? Fundi haachi ghala wazi, hata kwa mkewe."

"Umejuaje kama mie? Yumkini Ummy mwenyewe..."

"Ummy hajui hata kuifungua." Alisema taratibu, hana hasira, laiti angekuwa nayo. "Sikumfundisha. Anajua kuipiga na kuipangusa, basi. Na springi zile zote mbili zimetiwa ncha ya kubana mbele, zikazungushwa nusu mpaka zikashika. Mafundi wote wanatia kinyume chake. Namna ile nimeigundua mwenyewe, na nimemfundisha mtu mmoja tu chini ya jua. Mwaka tulooana."

Nikaisogeza chai yake karibu.

"Nlipoitizama springi ile," kasema, "mwanzo nlifurahi. Wallahi. Nikasema, angalia, hajasahau. Kisha ndo nikafahamu nnachokitizama."

Kanyanyuka, kalimwaga beseni, kalirudisha chini ya tundu.

Jumatatu, 11 Mei

Gharib getini. Nimepitia mlango wa nyuma.

Jumanne, 12 Mei

Mlango wa nyuma tena. Badria kaniletea maandazi ya hongera. Kauliza, "Na yule mwana wa mwani, kakomeka?" Nimemwambia achukue maandazi yake. Kanuna. Anune.

Jumatano, 13 Mei

Nimemkuta Ummy nyuma ya ghala. Kashika debe la maji kwa mkono mmoja, kaunyoosha mbele, jasho linamtoka, midomo inahesabu. Anautia nguvu mkono wake. Anadhani ni mkono wake.

Nlitaka kumchukia, kama nlivozoea. Nimekutafuta kuchukia huko nikapata aibu tu.

Alkhamisi, 14 Mei

Nimemwambia Gharib, "Kesho naenda kwa afande."

"Ukenda, Kampala basi."

"Najua."

"Na mimi getini sitoki. Ghala nimeliacha wazi, hilo halibadiliki ukisema au usiposema."

"Basi nisende?"

"Mimi sikukwambia wende, wala sikukwambia usende." Kageukia ukutani. "Safari hii usinifanye mimi sababu."

Ijumaa, 15 Mei

Nimekwenda asubuhi kabla ya gwaride. Afande Mahfoudh alikuwa anafunga kamba za viatu, kanisikiliza bila ya kuinua kichwa.

"Kwa nini?" kaniuliza.

"Wivu, afande."

"Wa nafasi?"

"Wa springi."

Hapo kainua kichwa. Nikaona anataka kucheka na hakuweza. Mchujo utarudiwa Jumatatu, mimi sitalenga. Bastola yangu nimeitoa kiunoni nikaiweka juu ya meza yake. Cheo changu watakikalia kikao. Ummy kaitwa, kaambiwa mbele yangu. Sikumtizama usoni, nlimtizama mikono. Alipotoka alinipita kama unavyopita kigogo njiani, na dada hakuniita tena. Haki yake.

Nlipotoka kwenda nyumbani sikwenda mlango wa nyuma. Mvua imekatika leo, jua kali, matope yanatoa mvuke. Gharib kasimama getini na kirungu, kavaa koti la mvua refu lisilokuwa lake. Mbele yangu watu wanne, anawakagua mifuko mmoja mmoja. Siku hizi kila anayetoka kambini hukaguliwa, ndiyo amri mpya, na imetoka kwa sababu yangu.

Zamu yangu ikafika.

"Umesema?" kaniuliza, kwa sauti ya chini.

"Nimesema."

"Roho yako imetulia?"

"Haijatulia."

"Na yangu bado." Nyuma yangu watu wanangoja, mmoja kakohoa. Gharib kanyoosha mkono. "Lete mfuko."

Miaka yote hii mume wangu hajawahi kunifungulia mkoba. Nikaufungua mwenyewe, nikaupanua kwa mikono miwili mpaka chini, akaingiza mkono akatafuta.